Vioo Vinne vya Hanifa

Göttingen, 9 Machi

Baba,

Shikamoo. Nakuulizia magoti yako kabla hujaanza kuyalalamikia mwenyewe. Mimi sijambo, kile kifua cha majira ya baridi kimepona. Navruz, mwaka mpya wetu, inakaribia na hapa hakuna anayejua. Nimeotesha ngano kwenye sahani dirishani, jirani akaniuliza kama ni chakula cha paka.

Nina ombi, na naomba ulisome hadi mwisho kabla hujaitupa barua. Chombo chetu kitaifikia Hanifa Januari ijayo, baada ya miaka sita njiani. Najua jina hilo hulitamki. Kwenye picha za sasa, ambazo kamera yetu imezipiga kutoka mbali, hiyo asteroidi bado ni punje tu, nyeusi kama makaa. Lakini kila baada ya saa tisa punje inang'aa kidogo, kisha inafifia. Maana yake inazunguka, na upande mmoja una kitu cheupe. Mkuu wetu, mama mmoja mkavu wa maneno aitwaye Irmtraud, anataka kujua kama weupe huo ulikuwepo tangu mwanzo au ni jambo la juzi.

Vioo vya picha, vile vilivyotumika zamani badala ya filamu, vya majuma ya kwanza ya ugunduzi havikuwahi kupelekwa mji mkuu. Orodha ya zamani inasema viko vinne, pamoja na daftari la zamu, katika stoo ya kituo huko mlimani. Ufunguo wa stoo unao wewe. Tafadhali nenda ukavitafute. Na tafadhali usiniandikie kurasa tatu juu ya Mzee Tavakkal. Nazijua kwa moyo.

Binti yako,
Anzurat

Obshoron, 2 Aprili

Binti yangu Anzurat,

Barua yako imefika ikiwa imefunguliwa na kubandikwa tena kwa gundi ya shule, kwa hiyo watu wa posta nao wanakusalimu. Magoti ni yale yale. Nimefurahi kifua kimepona. Kula mafuta ya kondoo, achana na vidonge.

Kwa hiyo Wajerumani wamerusha mashine hadi karibu na Mshtarii, halafu wanarudi kuomba vioo vilivyokojolewa na panya. Waambie karibuni. Mkurugenzi wetu wa sasa, ambaye kaskazini haijui iko wapi, anahifadhi nyasi za mbuzi wake ndani ya kuba la darubini kubwa. Mwaka jana alikuja naibu waziri. Nyasi zikafunikwa zulia, naibu waziri akasimama juu yake akatuhutubia habari za maendeleo ya sayansi, akapiga chafya mara tatu. Zile chafya ndizo zilizokuwa na maana.

Hutaki nimtaje Tavakkal. Nitamtaja. Alikuja kituoni akiwa na barua ya kamati ya Chama na viatu vya mpira. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika kioo kwa kingo. Nilimfundisha hata kunawa. Septemba ile, tarehe 27, nilipiga picha kwa mikono yangu hii, na kabla sijapata nafasi ya kukitazama kioo nikaitwa hospitali Dushanbe. Mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa amelazwa siku ya tatu na madaktari wanatikisa vichwa. Ulizaliwa tarehe mbili Oktoba. Niliporudi mlimani tarehe kumi na tano nikakuta yule bwana ameshalipata jiwe juu ya kioo changu na ameshapiga telegramu mji mkuu kwa jina lake peke yake.

Akaliita nini? Mawe ya angani yamepewa majina ya miungu na malkia. Yeye akalipa la Hanifa, mpishi wa kituo, mama aliyeunguza wali kila Ijumaa. Jiwe lenye upana wa kilomita mia na kumi. Hapo ndipo nilipojua kuwa mwizi huyu hata ladha hana.

Miaka thelathini na sita tumekaa kijiji kimoja, mto katikati. Sijampa salamu hata ya Idi.

Vioo nitavitafuta theluji ikipungua. Siyo kwa ajili yake wala ya huyo Irmtraud wako. Ni kwa kuwa cha kwanza ni changu.

Baba yako,
Sohibnazar

Göttingen, 28 Aprili

Baba,

Shikamoo, na asante kwa ushauri wa mafuta ya kondoo, ambayo hapa huuzwa kama dawa ya viatu. Mimi mzima. Natumaini paa halijavuja tena upande wa jikoni.

Huku tumegawanyika. Wenzangu wawili wanasema weupe ule ni barafu, kwamba kuna jiwe lingine liliigonga Hanifa siku za karibuni na kuchimbua kilichokuwa chini ya ile ngozi nyeusi. Mmoja anasema ni upuuzi, ni kovu la mamilioni ya miaka. Wanapigana kwa maneno ambayo ungeyapenda. Picha zikizidi kuwa kubwa ndipo tutakapojua mahali pa kuelekeza chombo kwanza, na mafuta yake si ya kuchezea.

Jambo lingine. Mzee Tavakkal ameniandikia. Mke wa mwanawe alimwandikia kwa kompyuta. Ananipongeza kwa kazi, hakuomba kitu, hakukutaja. Amesema mapafu yake hayamruhusu tena kupanda mlima. Barua yake ilikuwa na mistari sita na sikupata tusi hata moja ndani yake, nikaona ajabu.

Nimekua na hadithi yako, Baba. Kila siku yangu ya kuzaliwa tulikula palov, pilau yetu ya nyama, na baada ya palov ulihadithia jinsi ulivyokuwa hospitalini wakati mwingine anachukua nyota yako. Hukuwahi kusema kosa ni langu. Hukuwa na haja ya kusema. Nadhani ndiyo sababu nikasomea kazi hii: nikulipe.

Panda mlimani.

Binti yako,
Anzurat

Obshoron, 19 Mei

Anzurat,

Salamu. Mimi mzima, paa zima.

Nimepanda. Stoo imeliwa na unyevu, na mkurugenzi amening'iniza ndani yake ngozi mbili za mbuzi. Nimevipata vioo vinne. Nimempa dereva Yodgor avipeleke chuo kikuu Dushanbe, watavipiga picha kwa mashine na kukutumia. Daftari la zamu halikupatikana. Usiniulize tena habari za daftari.

Magoti yananiuma, siandiki zaidi.

Baba yako

Göttingen, 11 Juni

Baba,

Shikamoo. Pole na magoti.

Umeandika kwamba umepata vioo vinne. Chuo kikuu kimepokea vitatu: tarehe 5, 8 na 13 Oktoba. Nimewapigia simu, nikampigia na Yodgor. Anasema ulimkabidhi vitatu, umevifunga kwa shuka, na ulimkemea kana kwamba ameshaviangusha.

Kinachokosekana ni cha tarehe 27 Septemba. Chako.

Ngoja nikuambie kilichomo katika hivyo vitatu. Tarehe 5 Hanifa inang'aa vizuri. Tarehe 8 imepungua. Tarehe 13 imepungua zaidi, karibu kufikia hali ya leo. Hakuna aliyewahi kuviweka pamoja na kuvipima. Huenda jiwe liligongwa muda mfupi kabla ya tarehe 5, likatoa wingu la vumbi, na vumbi likawa linatawanyika. Au huenda lilikuwa linafifia tangu zamani na hatuna tulijualo. Kioo kimoja tu duniani kinaweza kutuambia, na kiko nyumbani kwako.

Maisha yako yote umewadharau watu wanaoficha kazi mbovu. Ulimcheka mkurugenzi kwa nyasi zake. Sasa niambie, chini ya zulia lako wewe kuna nini?

Anzurat

Göttingen, 3 Septemba

Baba,

Ni karibu miezi mitatu. Nimempigia jirani yako Savsan, ameniambia u mzima, unakula na unagombana na kuku. Basi kimya hiki si cha ugonjwa.

Usidhani nitabembeleza. Dharau ninayo pia, nimeirithi kwako, na wewe ndiye wa kwanza kuonjeshwa. Mwanasayansi anayekalia kioo kama kuku anavyokalia yai viza hanitishi hata akiwa baba yangu.

Savsan anasema Mzee Tavakkal sasa hatoki nje. Oktoba ikiisha bila kioo nitamwandikia yeye. Labda ana kumbukumbu zake mwenyewe.

Anzurat

Obshoron, 20 Oktoba

Binti yangu Anzurat,

Natumaini uko salama na umekula. Mimi sijambo mwilini.

Kioo cha nne kimeondoka juzi na Yodgor, ndani ya sanduku lake. Safari hii sikumkemea. Daftari la zamu limo ndani ya sanduku hilo hilo, kwa sababu nililipata siku ile ile ya Mei, na nilikudanganya. Utalisoma mwenyewe, lakini heri ulisikie kwangu kwanza.

Kioo changu cha tarehe 27 kina duara la penseli nyekundu kwenye ukingo, na ndani ya duara kuna doa dogo, hafifu. Duara ni langu. Hakuna mwingine aliyetumia penseli nyekundu. Daftari limeandikwa kwa mwandiko wangu: "Doa moja karibu na ukingo. Uchafu wa mikono ya mpishi. Halina maana." Chini yake saini yangu, na tarehe: 28 asubuhi. Simu ya hospitali ilikuja mchana.

Kwa hiyo nilikitazama. Miaka thelathini na sita nimeapa mbele ya watu kwamba sikupata nafasi, na nilikuwa nimelishika lile jiwe mkononi nikalipangusa kama masizi. Sikumbuki. Nimekaa miezi nikijitafutia kumbukumbu ya asubuhi ile na sioni ila ngazi za hospitali. Nililificha lile sanduku chini ya magodoro ya wageni. Kwa kuwa mimi sina wageni, lilikuwa salama.

Barua yako ya yai viza niliisoma mara nyingi. Jumamosi iliyopita nikakichukua kioo, nikavuka mto.

Mkewe alinifungulia mlango akaniangalia mikononi, nadhani alifikiri nimebeba silaha. Tavakkal alikuwa amelala karibu na jiko, amekwisha kabisa, ni mashavu na masikio tu. Nikaweka kioo na daftari mbele yake. Hakulifungua.

"Ukurasa wa arobaini na moja," akasema.

Alikuwa anajua tangu mwanzo. Akanisimulia polepole, anapumzika kila baada ya maneno machache. Asubuhi ile nilimwita Hanifa kutoka jikoni akiwa na unga mikononi. Nikamwonyesha kioo mbele ya madereva, nikamwambia amelichafua anga la serikali. Yule mama akanawa mara tatu, akarudi kuuliza kama sasa pametakata. Nilipoondoka kwenda Dushanbe, Tavakkal akasubiri mawingu yatoke, akapiga kioo kingine cha sehemu ile ile ya anga. Hakuwa anatafuta nyota. Alitaka kumwondolea mama wa watu aibu. Doa lilikuwapo tena, kubwa zaidi, na limesogea. Uchafu hausogei. Jina la jiwe lilitoka hapo, na mimi nikaliona ni ushamba.

Nikamkumbusha tume. Niliandika mashtaka ya wizi, wakaja watu watatu kutoka mji mkuu, wakataka daftari. Yeye akasema limeharibiwa na maji ya paa. Kumbe alilitia ndani ya sanduku la vioo. Nikamuuliza kwa nini.

"Mkeo alikuwa ametoka kujifungua," akasema. "Nyumba ilikuwa ya kituo. Wangekufukuza kwa uzembe, na kwa kusingizia."

Nikamwambia sikuwa nimeomba huruma yake. Ndiyo, hata pale nilimjibu hivyo.

Akanitazama sana. "Haikuwa huruma," akasema. "Nilikudharau, Sohibnazar. Niliona nisikuambie, uje mwenyewe usome mwandiko wako. Nilidhani itakuchukua wiki moja."

Mkewe alileta mkate na chai. Sikujua kama nina haki ya kuumega. Tavakkal akaumega yeye, akasukuma kipande upande wangu kwa kidole, bila kunitazama. Baadaye akauliza kama jiwe lina milima. Nilishindwa kujibu, maana picha ulizonitumia miaka yote hii niliziwashia jiko. Nitumie nyingine.

Na sikiliza. Siku ile ya tarehe 28 niliharibu kazi kabla ya simu ya hospitali kulia. Wewe hukuninyang'anya kitu chochote. Nimekulisha uongo pamoja na palov tangu ujue kula.

Baba yako,
Sohibnazar

Göttingen, 15 Januari

Baba,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama kwenye ngazi, na sikupanda kwa muda mrefu. Sijui bado nikujibu nini juu yake. Nitakujibu tukionana, na sitakuwa mpole. Kwa sasa nitakupa kazi, ndiyo lugha tunayoielewa wote wawili.

Tumefika. Chombo kinaizunguka Hanifa tangu Jumanne. Kioo chako kimepimwa mara kumi na watu wawili tofauti, na Irmtraud mwenyewe akapima mara ya mwisho. Tarehe 27 Septemba Hanifa ilikuwa hafifu mara nane kuliko tarehe 5 Oktoba. Katika siku hizo nane kuna kitu kiliigonga. Shimo tumeliona: upana wa kilomita nne, kuta zake bado zina makali kama kikombe kilichovunjika leo, na chini ni barafu tupu. Mwenzangu aliyesema ni kovu la kale amekwenda kunywa bia kwa huzuni. Kioo chako ndicho picha pekee duniani ya jiwe hilo kabla halijagongwa.

Usianze kujisifu. Doa lilikuwa hafifu, ndiyo, na mtu yeyote angeweza kulipita. Lakini wewe hukulipita. Uliliona, ukalizungushia duara, kisha ukamtukana mpishi.

Ndani ya bahasha kuna picha kumi na moja. Milima ipo. Mmoja unakaribia kimo cha mlima wenu. Mpelekee Mzee Tavakkal kabla hujazikalia.

Binti yako,
Anzurat

Obshoron, 20 Februari

Binti yangu Anzurat,

Salamu za baridi. Mimi sijambo. Theluji imefika madirishani na barua hii itatoka Yodgor akitoka.

Picha nilizipeleka siku ile ile zilipofika. Kwa kweli nilitegemea kitu cha fahari. Miaka thelathini na sita nimekosa usingizi kwa ajili ya kitu chenye umbo la kiazi kilichokanyagwa na punda. Nikamwambia Tavakkal hivyo, na akacheka hadi mkewe akanifukuza chumbani. Pumzi zilipomrudia nikaruhusiwa kuingia. Akaweka kidole juu ya lile shimo jeupe.

"Hiki ndicho nilichokiona?"

Nikamwambia ndiyo, hicho ndicho ulichokiona wewe. Nikaenda kwake kila siku majuma mawili. Tulibishana kuhusu kila picha. Yeye anasema ule mlima wa picha ya sita ni ukingo wa shimo la kale, mimi nasema ni ufa. Hajui kusoma vivuli, hakuwahi kujua. Muulize Irmtraud, na kama Tavakkal alikuwa sahihi usinifiche.

Alifariki tarehe tisa, asubuhi, mkewe akimpashia moto shirchoy, ile chai ya maziwa.

Tulimzika siku hiyo hiyo. Ardhi ilipasuliwa kwa sururu. Nililibeba jeneza, na hakuna aliyenizuia, ingawa niliona macho. Baada ya maziko wanaume wote walikaa nyumbani kwa marehemu, na majirani wakaleta mkate na supu. Unajua ninavyowaona wanaume wa Obshoron. Wachunga mbuzi na wafungua barua za watu. Sijawahi kuwaambia neno la maana kwa kuwa sikudhani wangelielewa.

Nikasimama. Nikawaambia marehemu hakuiba kitu, kwamba jiwe lilikuwa kwenye kioo changu na mimi nikaandika ni uchafu, kwamba nilimtukana Hanifa bure, na daftari liko Ujerumani kwa anayetaka kulisoma. Sauti ilinitoka vibaya. Nilipomaliza hakuna aliyeshtuka. Walikuwa wanatazama bakuli zao kama watu waliosikia taarifa ya hali ya hewa.

Mwishowe Yodgor, ambaye baba yake alikuwa dereva wa kituo, akasema, "Tunajua, Mwalimu. Hanifa alimhadithia kila mtu."

Wote, Anzurat. Miaka yote hiyo. Nikipita barabarani kichwa juu, wananiamkia, wananipisha, wananichagulia tikiti zilizoiva, na wanajua. Nikamuuliza Yodgor, basi kama mlijua, mlikuwa mnaniitaje nikiwapa mgongo? Wakatazamana. Mzee mmoja wa upande wa kinu, ambaye hata jina lake sikuwa nalijua, akasogea kwenye godoro akanipa nafasi, akanitilia chai nusu kikombe kama anavyotiliwa mgeni wa heshima. Kisha akanijibu, taratibu tu, bila kejeli.

Nikakaa, nikanywa.

Njoo wakati wa aprikoti.

Baba yako,
Mwalimu Doa